Kabla vuli haijafika, mwachie trauti maji yake

Ndugu mkulima wa kandokando ya mto Naro Moru, na wewe mwenye duka, hoteli au bodaboda pale mjini, leo siandiki juu ya mbolea wala bei ya viazi. Naandika juu ya samaki. Usiondoke, kwa maana samaki huyu anagusa minji yako na mauzo yako kuliko wengi wetu tunavyofikiri.

Samaki mwenyewe ni trauti, yule mwenye madoadoa, anayependa maji baridi yanayoteremka kwa kasi kutoka Mlima Kenya. Wanaomfuata kwa mchezo humvua kwa chambo cha manyoya, yaani ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na unyoya hadi ifanane na mdudu. Huirusha kwa ufito mwembamba ili idondoke taratibu juu ya maji, kama mdudu aliyeanguka mwenyewe. Ikifika Agosti, mwenye ufito huuliza, "Mto ukoje?" Mwenye pampu naye huuliza, "Mto utanifikisha mvua?" Hayo ni maswali mawili yenye jibu moja.

Msimamo wangu ni huu. Kuanzia sasa mpaka mvua za vuli zikolee, tupange maji tunayovuta mtoni kwa kumtazama trauti. Akishindwa kuishi kwenye vidimbwi vyetu, tumevuta kupita kiasi, hata kama kibali kiko mfukoni. Na mwenye ufito naye ana mambo ya kutii miezi hii, kwa sababu mto ukiwa chini, kila mtu anapaswa kupunguza mkono.

Mto ukoje kuanzia Agosti hadi Novemba

Mgeni wa kutoka Uingereza akisikia Agosti hadi Novemba anafikiria joto linaloisha na baridi inayoingia. Mwambie mapema kwamba kwetu hesabu ni nyingine. Agosti na Septemba ni kiangazi cha pili cha mwaka, na kuanzia Oktoba hadi Desemba ni vuli. Hali ya mto katika vipindi hivyo viwili haifanani hata kidogo.

Masika yakiisha, mto huanza kushuka wiki baada ya wiki. Wapo wanaoamini kwamba barafu ya kileleni ndiyo inayotunywesha wakati huu. Barafu iliyobaki kule juu ni kidogo sana, na mchango wake mtoni ni mdogo vilevile. Kinachotuvusha kiangazi ni maji ya mvua yaliyonyonywa na msitu na nyasi za juu ya msitu, yakakaa ardhini, yakawa yanatoka polepole. Ni akiba iliyowekwa na masika, na haitaongezwa mpaka vuli.

Basi Agosti na Septemba maji huwa membamba na maangavu. Mawe yaliyokuwa chini yanachungulia. Trauti huacha sehemu za kina kifupi na kujikusanya kwenye vidimbwi virefu, chini ya maporomoko madogo ambako maji yanachanganyika na hewa, na chini ya mizizi na vivuli vya miti. Kwa kuwa maji ni kama kioo, anakuona kabla hujamwona. Mvuvi anayesimama wima ukingoni akiwa na shati jeupe atarudi na hadithi tu. Atakayepata samaki ni yule anayeanza chini na kupanda polepole kuelekea juu, kwa kuwa trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Atatumia mshipi mwembamba na chambo kidogo, na ataamka mapema. Saa za kuvua ni kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, kisha jioni jua likishapungua nguvu. Mchana wa jua kali si wa kuvua, na nitaeleza kwa nini.

Vuli ikianza, mambo hugeuka ndani ya usiku mmoja. Mvua kubwa ya kwanza hushusha tope la mashambani na barabarani, na mto huwa mwekundu. Hapo samaki haoni chambo, na mvuvi anapoteza siku. Ngoja siku moja au mbili bila mvua nyingine, mpaka maji yafanane na chai ya rangi iliyopoa. Hapo ndipo uvuvi huwa mtamu, maana mvua imeangusha panzi, buibui na siafu mtoni, na kumbikumbi wakitoka trauti hujisahau kabisa. Wakati huo chambo kikubwa kidogo, chenye rangi ya kahawia au nyeusi, hufanya kazi kuliko kile kidogo cha Agosti.

Kijana anayeongoza wageni ayajue haya kwa moyo. Mgeni aliyeambiwa ukweli kabla ya kulipa nauli hurudi tena. Aliyedanganywa kwamba "mto uko sawa" siku ya tope hataonekana mwaka ujao, na atawaambia wenzake.

Kwa nini trauti ni kipimo

Trauti anataka maji baridi, yanayokwenda, yenye hewa ya oksijeni ya kutosha. Anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 10 na 16 hivi. Yakipita 20 anaanza kuteseka, na yakikaribia 25 wengi hufa. Sababu yake ni rahisi. Maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba oksijeni karibu robo zaidi ya maji ya nyuzi 20. Tena sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yetu yana oksijeni pungufu tangu mwanzo.

Sasa fikiria mto wa Septemba. Maji yakiwa mengi, jua la mchana hushindwa kuyapasha. Yakiwa membamba juu ya mawe, yanapata moto kama maji ya sufuria pana. Kila lita tunayovuta saa saba mchana inaacha lita zilizobaki zikiwa na joto zaidi na oksijeni kidogo zaidi. Samaki akianza kupumua juu juu, akifungua mdomo karibu na uso wa maji, anakuambia kitu ambacho kibali chako cha maji hakikuambii.

Na usidhani kwamba anayeumia ni yeye peke yake. Mto uliofika hapo umeshaacha kuwafikia walio chini. Maji ya Naro Moru huingia Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro hupita Laikipia kuelekea Samburu na Isiolo. Wafugaji wa kule chini wanautegemea kuliko sisi, kwani hawana mlima nyuma yao. Tangu miaka ya 1980 wameona mto ule ukikauka kabisa karibu na Archers Post katika miaka mibaya. Ng'ombe anayekufa kwa kiu Isiolo hatumwoni kutoka hapa. Trauti anayehema kwenye kidimbwi tunamwona. Ndiyo maana nasema tumtumie kama kipimo, kwa sababu ndiye anayetuonya mapema, tena hapa hapa tulipo.

"Huyo ni samaki wa wazungu"

Nasikia hoja hii sana, na ina ukweli ndani yake. Trauti si wa kwetu. Ewart Grogan ndiye anayetajwa kwamba alimleta mwaka 1905, akamtia katika mto Gura kule Aberdare, na kutoka hapo trauti wakasambazwa katika mito ya baridi ya nyanda za juu. Waliomleta walimleta kwa mchezo wao, na kwa miaka mingi mwananchi hakuruhusiwa hata kukaa ukingoni na ndoana. Mtu akiwa na kinyongo kuhusu hilo, simlaumu.

Lakini tangu wakati huo imepita zaidi ya miaka mia moja. Viazi pia havikuanza hapa, wala kabichi, wala ng'ombe wa maziwa wa rangi nyeusi na nyeupe uliyemfunga pale zizini. Tulivichukua, tukavifanya vyetu, tukalipia karo navyo. Kuhusu trauti tumebaki tunabishana alitoka wapi huku wachache wakifaidika naye. Swali la maana leo ni nani ananufaika samaki huyu akiwa hai, na nani anapata hasara akifa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "Afisa, mimi nina minji ardhini, nina mkopo, unaniambia niache maji kwa ajili ya samaki?" Hapana. Sikuambii uache minji ikauke. Nakuambia ubadilishe saa, zamu na njia ya kumwagilia, kwa sababu ukiendelea vile vile mto utakuacha katikati ya Septemba, na minji itakauka pamoja na samaki. Wa kwanza kukosa maji atakuwa jirani yako wa chini. Baada yake zamu itakufikia wewe.

Na tuseme pia lile ambalo wengi hulizunguka. Si haki mwenye mpira wa inchi moja aitwe mharibifu wa mto huku shamba kubwa la juu likivuta usiku na mchana bila mita. Zamu nitakazozitaja hapa ni za wote, wakubwa kwa wadogo. Jumuiya ya watumiaji wa maji isipoweza kumwambia mkubwa afunge, haina uso wa kumwambia mdogo.

Pima mwenyewe kabla ya kubishana

Mikutano mingi ya maji huharibika kwa sababu kila mtu anakisia. Hesabu hii inawezekana kwa mkono, bila mashine.

Tafuta sehemu iliyonyooka ya mto. Pima mita 10 kando ya ukingo. Tupa chungwa katikati ya maji na uhesabu sekunde linazochukua kufika mwisho wa mita hizo 10. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Pima upana wa maji, kisha pima kina mahali kama tano kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, uchukue wastani. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, halafu zidisha kwa 0.8, kwa kuwa maji ya chini na ya kando huenda polepole kuliko ya juu katikati.

Mfano: maji yana upana wa mita 3 na kina cha wastani cha sentimita 15, na chungwa linachukua sekunde 40. Mwendo ni robo mita kwa sekunde. Ukizidisha yote unapata lita 90 kwa sekunde.

Sasa chukua pampu ndogo ya petroli inayotoa lita 300 kwa dakika. Hizo ni lita 5 kwa sekunde. Pampu kumi zikiwaka kwa wakati mmoja ni lita 50 kwa sekunde. Mto wa lita 90 umebaki na 40 tu. Zikiwaka pampu ishirini, hakuna mto. Na hakuna hata mmoja kati ya wale ishirini aliyefanya kosa kubwa peke yake. Kila mmoja alivuta kidogo tu, lakini wote walivuta saa ile ile.

Hapo ndipo zamu zinapookoa. Pampu hizo ishirini zikigawanywa makundi manne, mto unapoteza lita 25 kwa sekunde badala ya 100, na kila shamba bado linapata maji yake ndani ya siku mbili. Wamwagiliaji wa usiku na alfajiri wapate zamu nyingi zaidi, kwa kuwa maji hayapotei kwa jua na upepo, na samaki hupata nafuu saa zile za mchana zilizo mbaya kwake.

Sheria iko upande wa mpango huu. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibaki mtoni kiasi kinachoitwa akiba, cha mahitaji ya lazima ya watu na cha kulinda viumbe wa majini, kabla ya maji kugawanywa kwa matumizi mengine. Trauti si jina lililoandikwa humo, lakini kidimbwi anachoishi kimo.

Wenye ufito nao wapunguze mkono

Nisingekuwa mwaminifu kama ningewapangia wakulima peke yao.

Mvuvi wa mchezo anajisifu kwamba humrudisha samaki mtoni. Ni vizuri, lakini samaki aliyepigana dakika tano katika maji ya joto anaweza kuogelea mbele yako na kufa nyuma ya jiwe. Kwa hiyo nashauri kila anayevua mto huu kiangazi hiki abebe kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 20, akunje mshipi. Asingoje kuambiwa na mlinzi. Atumie ndoana isiyo na kikwamizo, aloweshe mikono kabla ya kumshika samaki ili asimtoe ute unaomkinga, na amshike akiwa ndani ya maji kichwa kikielekea juu ya mto mpaka aondoke mwenyewe. Picha moja inatosha.

Anayetaka kula, ale kwa kiasi cha leseni yake. Sina ugomvi na samaki kwenye sahani. Ugomvi wangu ni na wavu unaoburutwa kwenye kidimbwi cha Septemba. Wakati huu trauti wa sehemu ndefu ya mto wamejikusanya mahali pamoja, kwa hiyo wavu mmoja wa usiku mmoja unaweza kufagia mbegu ya mwaka mzima. Wanaotia sumu wanafanya ubaya zaidi, kwani maji hayo hayo yananyweka nyumba ya pili. Ukijua anayefanya hivyo, usimfiche kwa sababu ni shemeji yako.

Na kijana wa hapa mwenye ndoana yake asifukuzwe kama mwizi. Asaidiwe kupata leseni, afundishwe kanuni, kisha avue. Mto unaolindwa dhidi ya watoto wa pale pale hautalindwa na mtu siku sisi hatupo.

Neno moja la usalama: sehemu za juu ni za ndovu na nyati. Asubuhi yenye ukungu, sauti ya maji huficha sauti ya mnyama. Usiende peke yako, na usimpeleke mgeni bila mtu anayeujua msitu.

Vuli ndiyo wakati wa kuchota

Tatizo letu kubwa ni kwamba tunachota mto ukiwa maskini na kuuacha upite ukiwa tajiri. Novemba mto unabeba maji mekundu usiku kucha, na hakuna anayeyashika. Septemba tunagombania yaliyobaki. Kanuni za maji zinataka mwenye kumwagilia awe na hifadhi ya siku 90, na wengi huiona kama adhabu. Mimi naiona kama ushauri bora kabisa ambao serikali imewahi kumpa mkulima wa mlima huu.

Tufanye hesabu ya ploti ya 50 kwa 100. Ukimwagilia kwa mipira ya matone, mboga zako zitahitaji wastani wa lita 1,500 hivi kwa siku, chini ya hapo miche ikiwa midogo na zaidi ikikomaa. Kwa siku 90 hizo ni lita 135,000. Bwawa lenye mita 12 kwa 12 juu, mita 8 kwa 8 chini, na kina cha mita 2, linabeba takriban lita 200,000. Tofauti inayobaki ni ya jua, nalo halikosi kuchukua fungu lake. Litandike karatasi ngumu ya bwawa, lizungushie ua imara ili mtoto au ndama asitumbukie, na uweke kamba au ngazi ndani kwa atakayeteleza. Usilipuuze hili. Karatasi ile huteleza, na mtu aliyeingia hutoka kwa shida.

Huna uwezo wa bwawa? Anza na paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata milimita 100 linaweza kukupa hadi lita 10,000. Hazitoshi shamba, lakini zinatosha kitalu, kuku na jikoni, na hizo ni ndoo ambazo hutazichota mtoni.

Wale wanne au watano wanaopakana wanaweza kuchimba bwawa moja la pamoja, wakaandikiana zamu mbele ya mzee wa kijiji. Ila andikeni kabla ya kuchimba, maana maji ya pamoja bila maandishi huzaa kesi ya pamoja.

Vuli nayo haina ahadi. Kuanzia mwisho wa 2020 maeneo kame ya nchi yetu yalikosa misimu mitano ya mvua mfululizo. Kisha vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Anayetegemea mvua ije kwa kiasi na kwa wakati anacheza kamari. Mwenye bwawa anaweza kungoja.

Wakati huo huo, acha ukingo upumue. Kanuni zinakadiria ukanda wa mto kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Ukilima hadi majini, mvua ya kwanza itabeba udongo wako wa juu, ule uliotia mbolea, na kuushusha kwenye changarawe ambako trauti hutaga. Tope likiziba changarawe, mayai hukosa hewa na kufa. Wewe umepoteza mbolea, mto umepoteza vifaranga. Panda nyasi za ng'ombe katika ukanda huo, uzikate na kulisha, na uache miti ya asili iliyopo itoe kivuli.

Na tafadhali, usioshee pampu ya dawa mtoni. Dawa nyingi za wadudu tunazonunua, hasa zile zilizotengenezwa kwa mfano wa pareto, zina sumu kali kwa samaki hata zikiwa kidogo sana. Maji ya kuoshea yanyunyize kwenye mimea ile ile uliyoipulizia.

Kwa mwenye duka na mwenye kibanda

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kama mgeni anashuka kwenye gari na chakula chake, anavua, na kuondoka. Tukitaka mto ulindwe, lazima hela yake ionekane mjini.

Mvuvi anayeanza alfajiri anahitaji chai saa kumi na moja, wakati vibanda vingi vimefungwa. Anahitaji mahali pa kulala karibu, chakula cha kubeba, pikipiki ya kumfikisha njia inapoishia, na mtu wa kumwongoza. Anahitaji pia mtu wa kumwambia kwa simu kama maji ni maangavu au mekundu. Hizo ni biashara sita, na hakuna hata moja inayohitaji kuua samaki. Trauti aliyefagiliwa na wavu Septemba anauzwa mara moja, kwa bei ya kujificha. Trauti aliye hai anauzia watu sita kila wikendi, na wiki ijayo bado yumo.

Ukitaka trauti wa sahani kwa hoteli yako, nunua kwa wafugaji, au ufuge kama una chemchemi baridi inayotiririka mwaka mzima. Kituo cha serikali cha Kiganjo ndicho kinachojulikana kwa vifaranga vya trauti. Lakini usijaribu kumfuga katika bwawa la kumwagilia nililolitaja juu. Maji yaliyosimama na kupata joto yatamuua, na utasema ufugaji wa samaki ni uongo.

Mambo ya kufanya kabla mvua haijaanza

1. Wiki hii, pima mto mahali unapovuta maji. Andika tarehe na lita kwa sekunde. Rudia kila wiki.
2. Peleka namba hizo kwenye mkutano wa jumuiya ya watumiaji wa maji na uombe zamu ziandikwe, kuanzia mwenye bomba kubwa hadi mwenye mpira mdogo.
3. Hamisha kumwagilia kwako usiku au alfajiri. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni, zima pampu.
4. Pitia kidimbwi kilicho karibu nawe saa nane mchana. Ukiona samaki wanahema juu, mpigie simu mwenyekiti siku hiyo hiyo, wote wafunge mpaka jioni.
5. Chimba sasa, ardhi ikiwa kavu. Novemba fundi hatashika jembe kwenye tope.
6. Ukiongoza wageni, nunua kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 20, mpeleke mgeni akanywe chai kwa jirani yako.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mradi wala mfadhili, ila bwawa litakugharimu, na hilo tutalihesabu kwa shilingi katika makala ijayo. Ukiwa na namba za mto wako, njoo nazo ofisini siku ya soko. Nitaziandika zote kwenye ubao mmoja, wa juu na wa chini, kila mtu aone mto unaishia kwa nani.